Kuli wa Kitanda cha Tano

Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nalisema mapema, maana wenzangu wa chumba kile cha hospitali tukikutana sokoni bado hunikumbusha, nami sipendi kukumbushwa jambo ninalolikumbuka mwenyewe. Sista alipotuambia kwamba kitanda cha tano atalala mwanamume, niliinuka na mwanangu kifuani nikasema kwamba tumechoka, tumepasuliwa, tumeshonwa, maziwa yanatuchuruzika, na sasa tuletewe dume la mtu lije kututazama. Nikasema na mengine. Mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango.

Sista aliniacha nimalize. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na sisi tulimwita Sista Gramu kwa sababu ukimwamkia asubuhi alikujibu kwa uzito wa mwanao. Nilipomaliza akasema, "Mashine ya joto inayofanya kazi ni moja, na ndani yake wamelala watatu. Mama wa mtoto huyu hajitambui, bibi yake anakohoa. Kifua kilichobaki ni cha baba. Kama wewe msusi una kifua cha pili, nionyeshe."

Sikuwa nacho, nikakaa.

Ni miaka ishirini na tisa sasa, na chumba kile siku hizi wanahifadhia mafaili. Wakati wetu kilikuwa na vitanda sita, dirisha moja ambalo halikufunguliwa ili baridi isiingie, kipimajoto ukutani, na mezani mzani wa sahani ambao tuliuogopa kuliko daktari. Sote tuliolala mle tulikuwa tumejifungua kabla ya wakati. Kazi yetu ilikuwa kukaa. Mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi na kofia, analazwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kisha unafungwa naye kwa shuka, na hapo ndipo anapoishi mpaka apate mwili. Joto lako ndilo mashine yake. Wangu alikuwa na kilo moja na gramu mia tatu, kwa hiyo mle ndani tulihesabiwa miongoni mwa matajiri.

Yule baba aliingia saa nane mchana akiwa mweupe kwa saruji. Alikuwa kuli kwenye ghala la saruji karibu na stesheni, mtu wa kupakia na kupakua malori, na wenzake walimwita Mfuko. Saruji ilikuwa kwenye nyusi, ndani ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo. Sista akampeleka bafuni. Aliporudi, Sista akampitishia pamba nyuma ya sikio, akaitazama pamba, akamrudisha. Mara ya pili akamkata kucha. Mara ya tatu alitoka amejisugua mpaka anang'aa kama sufuria mpya, akaambiwa avue shati. Sisi tuliokuwa tumeapa kutomtazama tukamtazama. Nisiwe mnafiki: kilikuwa kifua.

Mtoto alikuwa wa kike, gramu mia tisa na arobaini. Kofia yake ilikuwa ncha ya soksi. Mkewe Mfuko, aliyekuwa mfagizi wa shule, alishikwa na kifafa cha mimba akiwa hajafikisha hata miezi saba. Walimpasua ili wamwokoe, na tangu hapo alikuwa amelala wodi ya pili bila kufumbua macho. Kwa hiyo mtu yule alikuwa na watu wawili wa kupoteza, na mimi nilikuwa nimempigia kelele kwa sababu ya aibu ya matiti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile nilijua msemo huo umetungwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Sista alimlaza mtoto kifuani, akazungusha shuka, akakaza fundo. Mfuko akakaa wima kitandani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Baada ya saa nzima akaita, kwa sauti ndogo isiyolingana na mabega yake.

"Sista, simsikii."

"Anapumua, nimemwona."

"Sisemi pumzi. Simsikii uzito. Kitu kisicho na uzito nitajuaje kama bado kipo?"

Hakuna aliyecheka. Mtu yule alikuwa ameijua dunia kwa bega. Alipokea kitu, akakipima, ndipo akajua ni nini na akipeleke wapi. Sasa amepewa kitu ambacho bega halina habari nacho. Sista akamshika mkono, akafungua kiganja chake na kukiweka juu ya mgongo wa mtoto, kikaufunika wote na kichwa juu. Akamwambia mzani wake ndio huo. Mgongo ukipanda na kushuka, mtoto yupo. Watoto wa umri ule husahau kupumua, si kwamba wanaumwa, wanasahau tu, kama mtu anayesahau funguo. Mgongo ukisimama, amchape wayo kwa kidole, taratibu, mpaka akumbuke.

Kati ya kitanda changu cha nne na chake cha tano walitundika shuka kuwa pazia. Siku ya tatu tulilishusha wenyewe tukalikata nepi. Tulikuwa tumeshamzoea. Daktari akija asubuhi na kusema, "Mama zangu, hamjambo?" Mfuko aliitikia pamoja nasi, "Hatujambo, daktari," na mama wa kitanda cha sita alicheka mpaka akaomba mshono wake usifumuke. Nilimuuliza maziwa yatatoka lini. Akasema anangoja yangu yaishe kwanza, hataki kuniharibia biashara.

Sheria yake tuliijua kwa sababu ya mdomo wangu. Mara moja kwa siku alikwenda kuoga na kumtazama mkewe wodi ya pili, na mimi, nikiwa jirani, nilimpokea mtoto kwa nusu saa, wangu upande huu na wake upande ule. Siku ya kwanza alimfungua, akainama, akasema, "Chukua." Nikanyoosha mikono, huku nikiendelea kumsimulia mama wa kitanda cha tatu habari za mteja wangu aliyetaka kusukwa nywele asizokuwa nazo. Mfuko hakuachia. Nikavuta kidogo, hakuachia.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Umeshika."

Nikamwambia mikono yangu anaiona. Akasema mikono si kitu, mikono inaweza kuwa hapa na mtu mwenyewe yuko sokoni. Ndipo akatueleza. Ghalani aliye juu ya lori humwambia aliye chini "chukua", na haachii mfuko mpaka wa chini aseme "nimeshika". Siku moja, zamani, yeye alikuwa juu. Aliona mikono ya mwenzake ipo tayari, akaachia bila kungoja neno. Mwenzake alikuwa amegeuka kujibu salamu. Mfuko wa kilo hamsini ulimvunja mguu, na mpaka leo anachechemea.

Nikafunga mdomo, nikamtazama mtoto, nikasema, "Nimeshika." Akaachia.

Tangu siku hiyo chumba kizima kilifuata sheria ya ghalani. Mama kwa mama, mama kwa Sista, Sista kwa mzani na kutoka kwenye mzani, hakuna mtoto aliyebadili mikono bila "chukua" na "nimeshika". Daktari mwenyewe alipotaka kumpokea mtoto wa kitanda cha kwanza aliambiwa aseme. Akauliza ni utaratibu wa nani. Sista akamjibu ni utaratibu wa wodi, aseme tu, mtoto anapoa.

Maziwa sasa. Wodi ya pili walimkamua mama yake, yakatoka matone. Mimi yalinijaa mpaka yanalowesha godoro. Sista akanipima damu, akayapasha kwenye maji ya moto, akaanza kumpitishia mtoto wa jirani mililita mbili kila baada ya saa mbili, kwa mrija wa puani. Akatuambia haba na haba hujaza kibaba, nasi tukamwambia kibaba chenyewe kiko wapi. Siku zile za kwanza watoto hupungua kabla ya kuongezeka. Wa kitanda cha tano alishuka mpaka mia nane na themanini. Mfuko aliposikia tarakimu hiyo alirudi kitandani bila kusalimia mtu.

Makuli wenzake walikuja siku ya Jumapili, sita kwa mpigo, wakasimama nje ya dirisha wamevua kofia. Yule anayechechemea alikuwa mbele. Mfuko akasogea kwenye kioo, akashusha shuka kidogo wakaona ncha ya soksi. Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa ishara kama ndiye huyo tu. Mfuko akasema kwa nguvu ili wasikie kupitia kioo kwamba alizaliwa na kilo kasoro gramu sitini. Basi wakamwita Kilokasoro, na jina likakaa. Wenzake walikuwa wamegawana zamu zake ili msimamizi asipate sababu ya kuweka mtu mwingine.

Nisiseme kana kwamba tulikuwa tukicheka tu. Siku ya tano kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Mama yule alikuwa msichana mpole, mtoto wake alikuwa mkubwa kuliko wa Mfuko, na alipungua tu, bila sababu ambayo sisi tungeweza kuielewa. Alimvalisha nguo aliyomnunulia, ilikuwa kubwa, akakunja mikono yake mara tatu. Tulilia naye. Kisha tukabaki kila mtu ameshika wake, na nina haya kusema kwamba ndani ya kilio kile nilikuwa nikishukuru.

Kesho yake, adhuhuri, nilisikia Mfuko akisema, "Pumua." Hakupaza sauti. Nilipogeuka, kidole chake kikubwa kilikuwa kikichapa wayo usiozidi urefu wa njiti ya kiberiti, na midomo ya mtoto ilikuwa imeiva kama zambarau. "Pumua, mama. Pumua." Nikapiga ukelele, na ukelele wangu mara hii ulikuwa na faida. Sista aliingia mbio na puto la kupumulia, akaweka kikombe cha puto hilo usoni kwa mtoto palepale kifuani, akabinya kwa vidole viwili. Akahesabu. Tukahesabu naye, chumba kizima, bila kukubaliana. Tulifika thelathini na nne ndipo ile soksi ikatikisika na mtoto akatoa sauti kama mlango mdogo. Jioni Mfuko akaanza kulia, na alilia huku mgongo na mabega ameyakaza yasitikisike, mtoto asije akaamka.

Mkewe alifumbua macho siku ya tisa, ila hakuweza kukaa. Walimwambia ana binti. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za majirani. Siku ya kumi na saba walimleta kwa kiti cha magurudumu. Akatukuta tunacheka, Mfuko alikuwa akiiga namna Sista anavyotembea. Mtoto wake yuko kifuani kwa mumewe, na mimi nimeshika kikombe cha maziwa yangu yanayokwenda tumboni kwa mwanawe. Nilijiona mwizi.

Alimtazama mtoto kwa muda, kisha akatazama ukuta.

"Huyo si wangu," akasema. "Wangu nilimwacha tumboni."

Sista alifungua kinywa amweleze, Mfuko akamzuia kwa mkono. Akafungua fundo la shuka. Akaenda kwenye kile kiti, akapiga magoti sakafuni, akamweka mtoto juu ya kifua cha mkewe, mikono yake miwili ikiwa chini.

"Chukua," akasema.

Mikono ya mkewe ilibaki juu ya magurudumu. Mfuko hakurudia neno wala hakusogea. Nimewaona wanaume wengi wakiwabembeleza wake zao, wengine wakiwafokea, lakini sijaona mwingine aliyengoja namna ile. Sista alipima mtoto wa kitanda cha kwanza, akaandika, akapima wa kitanda cha tatu, akaandika, naye bado yuko magotini. Mimi nilikuwa na maneno kumi yameshafika ulimini. Nikayameza yote, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Hatimaye mkewe akasema, bado akitazama ukuta, "Akinifia?"

"Mikono yangu iko chini yake. Siiondoi mpaka useme."

Mama yule akainua mkono mmoja, ulikuwa na alama za sindano mpaka kwenye kiwiko, akauweka juu ya mgongo wa mtoto. Sijui nani alimfundisha, hakuna aliyemfundisha. Mgongo ukapanda, ukashuka. Akaangalia mkono wake ukipanda na kushuka nao. Akaleta na wa pili.

"Nimeshika," akasema.

Mfuko akaiondoa mikono yake kidole kimoja kimoja. Akasimama, akatutazama, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona uani, karibu na kamba za kuanikia, amesimama peke yake, kiganja kimoja bado amekiweka kifuani, juu ya hewa. Nilijua amefurahi. Nilijua pia kwamba alikuwa amenyang'anywa kitu, na kwamba hatamwambia mtu yeyote. Kwa hiyo nalisema mimi.

Walitoka hospitali siku ya hamsini na tatu, Kilokasoro akiwa na kilo moja na nusu na gramu kumi ambazo Sista alisema ni za kofia. Mimi na wangu tulikuwa tumetoka zamani, lakini nilirudi siku hiyo. Tulikuwa tumeshakuwa ndugu. Nilimsuka binti yule tangu nywele zake zilipokuwa haziwezi kushika hata uzi. Mama yake hakuwahi kunionea wivu kwa yale maziwa; alinitania tu kwamba mdomo wa binti yake umetoka kwangu. Nyumbani kwao chumvi ilipita mezani kwa "chukua" na "nimeshika". Wageni walidhani ni mchezo wa watoto.

Wangu sasa ana kitambi na anauza simu. Kilokasoro anaendesha lori la tani thelathini. Siku alipoliingiza ghalani kwa mara ya kwanza, makuli wazee waliacha kazi wakapiga makofi, na yule anayechechemea alizunguka lori zima akiligonga matairi, akisema kilo kasoro imebeba tani, kilo kasoro imebeba tani. Mfuko alikuwa amekwisha staafu. Alisimama getini, hakukaribia, kwa sababu alijua akikaribia atalia mbele ya vijana.

Saruji haidai haraka, lakini inadai. Mwaka jana kifua kile kilianza kubana. Daktari alisema mapafu yameganda, vumbi la miaka thelathini haliogeki. Nilipokwenda kumwona wodi ya wanaume nilipita jengo jipya la watoto. Kuna viti vya kulalia, na baba wawili walikuwa wamekaa wamefungwa mashuka, mmoja anasoma gazeti. Hakuna aliyewapigia kelele. Nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka muuguzi akaniuliza namtafuta nani. Nilitaka kumwambia namtafuta Sista Gramu, namtafuta mama wa kitanda cha sita na mshono wake, nautafuta ule mzani. Nikamwambia nimepotea njia.

Ilikuwa alasiri nilipomfikia Mfuko. Mkewe alikuwa amekaa miguuni pake. Binti alikuwa amefika kutoka safari, lori ameliacha nje ya geti, mikono ina harufu ya dizeli. Alimnywesha baba yake chai, kisha baba akataka kushika kikombe mwenyewe, akanywa mafunda mawili. Yakamtosha. Akakinyoosha kikombe kwa binti yake.

"Chukua," akasema.

Binti akakishika. Lakini hakusema neno. Nilimwona midomo imembana, macho yako kwenye vidole vya baba yake vilivyovimba, na nikaelewa kwamba mtoto huyu anajua vizuri maana ya kusema. Baba hakuachia. Kikombe kikabaki kati yao. Akiwa hana pumzi hata ya kumaliza sentensi, hakuachia.

Mkewe ndiye aliyesema. "Mjibu baba yako, mwanangu."

Binti akaleta mkono wa pili, akauweka chini ya mkono wa baba yake.

"Nimeshika, baba."

Alituacha kesho yake mchana. Lakini alasiri ile aliachia kikombe kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya katika chumba kile, kisha mkono ukarudi kifuani, kiganja wazi, mahali palepale, ukatulia.